Kalibu ya Shingo na Makopo Mawili

Mwezi uliopita nilitoka nyumbani, na wewe unayenijua unaelewa kuwa hilo si jambo dogo. Katika duka la vikorokoro kule Acocks Green, huku kwa Waingereza, ndani ya sanduku la bawaba na misumari, nikaona kichuma kinene chenye tundu katikati. Mwenye duka akasema ni kipande cha bomba. Mimi huyu, bingwa wa kochi na chai ya tangawizi, nikamsahihisha: ni kalibu ya maganda ya risasi. Akanitazama upya, na uso ukaniwaka kama wa mtoto wa miaka tisa.

Miaka ya sabini mwanzoni tulikaa Stechford, mtaa wa mji huuhuu. Baba aliwahi kuwa askari wa mkoloni, akabaki na mapenzi ya bunduki ya zamani ya jeshi. Jirani yetu, mzee wa Kiingereza, alikuwa na ya aina ileile, na wote wawili walikuwa klabu moja ya shabaha. Mtaa mzima ni yeye tu aliyetufungulia mlango. Baba aliushika ujirani ule kama mtu aliyebeba mayai.

Jumamosi walijifungia kwenye kibanda cha jirani, kinanuka mafuta ya mashine, wakibishana kalibu ipi wanunue ya kurudishia maganda umbo ili wayajaze tena. Ganda likishapigwa huvimba, likachukua umbo la bunduki yake. Kalibu nzima hulibana lote likaingia bunduki yoyote, lakini ganda huchakaa mapema. Kalibu ya shingo hubana mdomo tu. Ganda hudumu, mradi lirudi kwenye bunduki ileile. Baba alishikilia ya shingo. “Kila ganda na kwao,” alisema, na jirani akakubali. Yakawa makopo mawili ya maganda, la Baba na la jirani.

Siku moja Baba akayaleta yote mawili nyumbani ayakague, pamoja na kalibu waliyoinunua. Bibi, mama yake Baba, akayaona yamefubaa. Kwetu Unguja chombo cha jirani hakirudi kichafu. Akamwaga maganda yote katika beseni moja, akayasugua kwa ndimu na majivu huku samli ikinukia jikoni, hata yakang'aa kama bangili za harusi.

“Mama, umeyachanganya,” Baba alisema kwa sauti ndogo.

“Nimeyaosha. Ulitaka nimrudishie mtu wa watu uchafu?”

Hapo jirani akabisha hodi. Baba akatazama beseni, akamtazama mama yake anayetabasamu, asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji. Kisha akasema kwa Kiingereza kuwa ni mimi, nilikuwa nikichezea.

Nikainamisha kichwa, nikasema samahani.

Jirani akayageuza maganda mkononi. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. “Watoto,” alisema. “Basi tutatumia kalibu nzima.” Ile ya shingo, mpya, hata haijatumika, akaitia mfukoni.

“Kasemaje?” Bibi akaniuliza.

“Anasema yanapendeza, Bibi.”

“Si nilijua. Mwambie alete na mengine.”

Baba hakuniangalia jioni ile, wala hakulitaja jambo lile tena. Mimi nikaendelea kutumwa kwa jirani na sahani ya sambusa. Kila nikiingia kibandani, mzee wa watu, kwa upole kabisa, aliinua kopo lake na kuliweka rafu ya juu. Baba akiwapo alijifanya anafuta miwani. Nikawa naona haya kwa ajili yangu, nikigeuka naona haya kwa ajili yake, na haya yake ndiyo iliyonielemea zaidi.

Kibanda kile sasa ni maegesho ya gari. Bibi katangulia, jirani kafuata, na Baba naye, bila neno. Hayupo tena hata mmoja wa kumwambia kuwa si mimi. Na wangekuwapo nisingesema. Bibi angeshika uso kwa aibu. Yule mzee kaondoka akiniona mharibifu, na natamani leo aniinulie tena kopo lile rafu ya juu, mradi awe hai mlangoni pake.