Nyama Aliyoiacha Mbombo

Katika kambi za Kolwezi, miaka ile ya baada ya vita, hakuna mtu aliyeacha nyama kwa hiari yake. Wanaume walitoka Kasai, siku kadhaa ndani ya treni, wakaja kuchimba shaba isiyokuwa yao, na ukimuuliza mmoja wao kwa nini alitia kidole kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, hakukuficha: alisikia kwamba huko mtu hupimiwa nyama kila wiki. Jumamosi wake zao walijipanga mbele ya duka la posho na mabeseni yao. Unga, maharagi, mafuta ya mawese, chumvi, halafu nyama, na hapo ndipo sauti zilipopanda na viwiko vikaanza kufanya kazi. Mtu aliyesema hali nyama alionekana mgonjwa, au ana dini iliyokatazwa na serikali.

Mbombo hakuwa mgonjwa, na dini yake ilikuwa ya Kikatoliki kama ya jirani zake. Aliiacha nyama kwa sababu ya mumewe.

Mume huyo aliitwa Mulumba, mtu wa maneno matamu na kazi nzito, msukuma mabehewa kule shimoni. Walikuwa na binti mmoja, Odile, mwenye miaka saba. Jumapili moja ya mwaka 1946 Mulumba alipanda baiskeli, akaaga kwamba anakwenda njia ya Kasaji kutafuta unga wa muhogo, maana ule wa posho ulikuwa na wadudu. Hakurudi siku hiyo wala ya pili. Siku ya tatu mwindaji mmoja alisema kambini kwamba aliona lori limesimama porini kwenye njia ile ile, halina taa, na mlango wake wa nyuma uko wazi. Basi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa zaidi.

Batumbula, watu walisema, walikuwa wanatumwa na wazungu kukamata wapita njia. Aliyekamatwa alilishwa dawa ya kumsahaulisha lugha yake, akanenepeshwa kama nguruwe, mwisho akaingia kwenye makopo ya nyama yanayopangwa dukani. Anayetaka kucheka na acheke. Hakuishi yeye mahali ambapo mtu mzima alichapwa fimbo kwa kuchelewa king'ora, kisha akaambiwa ni kwa faida yake. Watu waliokuwa wanamalizwa nguvu mchana kutwa hawakuona ajabu kusikia kwamba na mwili nao unaliwa.

Mkuu wa kambi, mzungu mmoja mwenye shingo nyekundu, alimwita Mbombo ofisini.

"Bwana yako alikimbia kazi," alimwambia. "Alivunja kontra. Tukimukamata, ni prison. Na we utatoka mu nyumba ya kambi."

Mbombo alirudi analia, na wanawake wa mstari wake wakamzunguka. Ernestine, jirani yake wa mlango kwa mlango, akabetua midomo.

"Banasema vile kila mara," alisema. "Wakishakula muntu, banasema alikimbia."

Ndivyo ilivyokuwa: siku hiyo moja mzungu alisema kweli tupu, na hakuna aliyemwamini. Nani wa kulaumiwa? Mtu aliyekudanganya miaka yote hana haki ya kudai asadikiwe siku anayotaka yeye.

Jumamosi iliyofuata Ernestine alimletea sahani ya nyama kidogo, kumfariji. Mbombo aliutazama ule mnofu mwekundu usio na ngozi, usio na kichwa, usio na jina. Ng'ombe gani huyo? Nani alimwona akichinjwa? Ilikuja na treni ikiwa imekatwa tayari. Akamrudishia jirani yake sahani, na tangu siku ile hakuonja nyama, ya kopo wala ya mzani. Samaki mkavu aliendelea naye kwa muda, kwa hoja kwamba samaki anakuja na macho yake na mtu anamjua. Halafu akasikia wakisema mifupa ya waliokamatwa hutupwa mtoni. Samaki naye akatoka. Zikabaki sombe ya majani ya muhogo, mchicha wa lengalenga, maharagi, karanga na bukari, ndio ugali wao.

Walimtoa kambini mwezi ule ule. Tshibangu, kaka mkubwa wa Mulumba, mwashi aliyekuwa na kiwanja chake Manika, nje ya kambi, alimpa chumba cha uani, na Mbombo akamshukuru kwa magoti. Akalima shamba la Tshibangu, akapika chungu cha Tshibangu, nyama za Tshibangu akazikoroga na kugeuza uso. Jioni alikula majani yake kando na mtoto wake. Wanawake wa pale walimtania kwamba ataota manyoya ya mbuzi, naye alicheka pamoja nao, maana hakuwa mtu wa kununa.

Lakini kwa Odile hakuwa na mchezo. Mtoto anajua nini? Alikwenda kucheza kambini kwa Ernestine, siku moja akarudi midomo inang'aa mafuta. Mbombo alimvuta uani, akamsugua mdomo kwa sabuni ya kufulia mpaka damu ikatoka kwenye fizi.

"Kama ni baba, tata yako?" alimwuliza huku analia. "Kama ulikula tata yako, utamwambia Mungu nini?"

Odile alikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile, kila alipoiona nyama alikimbia. Mbombo alijua kwamba amemtendea mtoto vibaya, na usiku alimpapasa kichwa akiwa amelala, ila kumwomba radhi hakuweza, kwa sababu angemwambia nini? Kwamba si kweli?

Mwaka wa nne alitokea Kalenga, seremala wa misheni, mjane mwenye mikono safi na sauti ya chini. Alikuwa ananunua karanga kwa Mbombo hata siku ambazo hakuzihitaji. Alipoleta neno lake, Mbombo alimweleza habari ya nyama akidhani ndiyo itakayomkimbiza.

"Kama ni ile tu, mama Odile," Kalenga alisema, "mi naiacha leo."

Akaiacha kweli. Mwanamume mzima, mpasua mbao, miezi mitatu anakula maharagi na majani, wenzake wakimwita mbuzi wa misheni. Alikonda kidogo mwanzoni, kisha akazoea, akasema hata tumbo lake limetulia. Watu wanaobisha kama binadamu anaweza kuishi bila nyama wangemwuliza Kalenga. Anaweza. Kinachohitajika ni mtu wa kufanya hivyo kwa ajili yake.

Mbombo alimpenda. Lakini ili aolewe tena ilibidi ukoo wa Mulumba umwondoe kwanza katika msiba, na kwa desturi yao kazi hiyo ilikuwa ya Tshibangu. Tshibangu alikunja uso.

"Matanga ya nani?" alisema. "Wapi maiti? Siwezi kumaliza matanga ya muntu hatukumuzika."

Kila alipoulizwa, jibu lilikuwa hilo. Siku ya mwisho Kalenga alikuja uani akasimama bila kukaa, na Mbombo akamwambia, "Mi hapana mujane, hapana bibi ya muntu. Sijue niko nini. Wende tu, tata. Usiningojee." Kalenga alioa mwalimu wa shule ya awali mwaka uliofuata. Mbombo aliona arusi ikipita barabarani, akaingia shambani akapalilia mpaka jua likazama.

Miaka ikaenda. Odile akawa msichana wa kutazamwa, na mwaka 1957 akachumbiwa na Louis, karani wa stesheni, kijana wa Kikasai kama wao. Mambo yote yakaenda vizuri mpaka ilipofika habari ya mbuzi wa mama. Wakwe huleta mbuzi mmoja kwa ajili ya mama wa bibi arusi peke yake, kumshukuru kwa mgongo uliombeba mtoto. Mbuzi huyo huchinjwa siku hiyo hiyo, na mama hula kipande mbele ya macho ya wakwe. Akikataa, amekataa arusi. Na hata wakimchukua binti, siku tumbo lake litakapochelewa watasema mama yake alifunga uzazi kwa kinywa chake, na watamrudisha.

Odile alimjia mama yake jikoni, akachuchumaa.

"Mama, siku moja tu," alisema. "Kipande kimoja. Kisha hautakula tena. Mi nakuomba."

Binti huyu hakuwahi kumwomba kitu tangu siku ya sabuni. Mbombo hakulala siku tatu. Aliwaza hivi: mbuzi huyu nitamwona akija na miguu yake. Nitasimama pale atakapochinjwa, nitamfuata mpaka chunguni, macho yangu hayatatoka. Mulumba, popote ulipo, utajua kwamba sikukula wewe. Akamwambia Odile atakula.

Siku ya arusi ndogo uwanja wa Tshibangu ulijaa. Mbuzi mweusi aliletwa kwa kamba, Mbombo akasimama karibu naye hata damu ikamrukia kwenye kanga. Alitazama ngozi ikivuliwa, akavihesabu vipande vikiingia chunguni, akakaa mbele ya moto. Wakwe walidhani ni mama mwenye bidii.

Nyama ilipokaribia kuiva, mwanamume mmoja aliingia uani na koti la mistari na tumbo mbele. Tshibangu aliinuka haraka kuliko alivyoinuka kwa wakwe, akamshika mkono. Ernestine aliyekuwa anapepeta mchele aliuachia ungo. Mbombo aliinua uso kutoka kwenye moshi.

Alikuwa Mulumba. Amenenepa, ana kipara, na meno yake yote anayo.

Watu walipiga kelele, wengine walikimbia, wengine walirudi. Ulipopatikana utulivu, yeye mwenyewe alisimulia, na alisimulia vizuri kama zamani. Baiskeli aliielekeza Kasaji mpaka watu walipokwisha kumwona, kisha akazunguka kwa vijia, akapanda treni ya kwenda upande wa pili. Kazi ya shimo ilimchosha, na kule Tenke palikuwa na mama mmoja, mke wake sasa, na watoto watano. Alibadili jina ili polisi wasimpate. Kaka yake alijua tangu mwaka wa pili.

"Nikasikia kama bantu banasema batumbula bananikula," Mulumba alisema, akicheka. "Nikasema, acha baseme! Batumbula ndio walinisaidia. Nani atatafuta muntu mwenye kuliwa?"

Wakwe walicheka kwanza, wakafuata wengine. Ilikuwa hadithi nzuri, ikiwa humo hamna maisha yako. Mulumba alikuja kwa sababu binti yake anaolewa, na sehemu ya baba katika mahari haipokelewi na mtu mwingine wakati baba yuko hai. Tshibangu aliyekosa maiti miaka kumi na moja alikuwa anatazama viatu vyake.

"Tenke," Mbombo alisema. Ndilo neno pekee lililotoka. Tenke! Treni ikiondoka asubuhi, jioni umefika. Alikwisha kuuza karanga kwa watu wa Tenke.

"Mama Odile, usikasirike," Mulumba alimwambia kwa upole. "Unaona? Ni mi. Sasa unaweza kula."

Wakamletea sahani. Wanawake wa upande wa Louis walikaa mbele yake, macho kwenye midomo yake. Odile alikuwa amesimama nyuma yao na uso wa kijivu. Hakumtazama baba yake hata kidogo, alimtazama mama. Mulumba alikuwa amekwisha kuanza, mfupa mkononi, mafuta yanamtiririka kidevuni.

Mbombo alichukua kipande akakitia kinywani. Alitafuna akimwangalia yule mwanamume, na chuki iliyompanda ilikuwa kubwa mpaka ikamshangaza. Miaka yote ile aliogopa asije akamla. Leo angemla bila chumvi. Alimeza. Wanawake wakapiga vigelegele, Louis akapeana mikono na kila mtu, na Odile akaziba uso kwa viganja akalia.

Alikaa nao mpaka mkwe wa mwisho alipoaga. Kisha akaenda nyuma ya jiko na yote yakatoka. Aliyafukia matapishi kwa jembe ili wasiyaone.

Mulumba alirudi Tenke na sehemu yake kesho yake. Jumamosi Ernestine alikuja na sahani iliyofunikwa, mchuzi wa ng'ombe na vitunguu, akaketi, akaifunua kwa furaha.

"Sasa hakuna kisingizio," alisema. "Kula, mama. Ulijinyima bure."

Mbombo alijaribu. Alitaka sana, kwa hasira tu, ale kilo nzima mbele ya watu. Alikata kipande kidogo, akakifikisha mdomoni, akakirudisha sahanini. Akajaribu na kipande kingine, mara ya tatu akanusa tu, akaweka chini.

"Hausikie vizuri mu mwili?" Ernestine alimwuliza.

"Niko muzima," Mbombo alisema, akaisukuma sahani kwake. "Ye alirudia. Nyama yangu hakunirudishia."