Sekunde Ishirini na Mbili za Roswitha

Ewald Brinkschulte alikuwa na sekunde ishirini na mbili za mkewe, basi. Picha za karatasi alikuwa nazo, tena sanduku zima, lakini za Roswitha akijongea, akicheka na kusema neno, zilikuwa hizo ishirini na mbili tu. Nazo zilikuwa ndani ya tangazo la magodoro, katikati ya filamu ya upelelezi aliyoirekodi kutoka kwenye dishi lake mwaka 2004. Naanza na hilo kwa sababu sisi wenzake tulilijua tukiwa tumeshachelewa, na sitaki mtu anayenisoma awe na kisingizio tulichokuwa nacho sisi.

Roswitha aliuza magodoro dukani kwa Strothmann, hapa hapa Werdohl, upande wa pili wa daraja. Strothmann alikuwa bahili wa kutupwa. Alipotaka kutangaza kwenye kituo kidogo cha televisheni kilichouza nafasi kwa bei ya chee, hakuajiri mwigizaji. Alimkalisha Roswitha kitandani na nguo zake za kazi. Roswitha akarukaruka kidogo, akaangalia kamera, akasema, "Kwenye godoro hili hata Ewald wangu hakoromi!" Kisha akacheka, na kicheko hicho hakikuwa cha kuigiza.

Mji mzima ulicheka naye. Kiwandani, tulipokuwa tunavuta nyaya za chuma, wanaume wazima walikuwa wakikoroma Ewald akipita na kikombe chake cha kahawa. Mimi nilikoroma pia. Ewald ni mtu wa haya, akamnunia mkewe siku kumi na moja. Miezi minne baadaye Roswitha alianguka dukani, mshipa umepasuka kichwani, na hakuamka tena.

Majira ya kuchipua yalipofika, Ewald alikaa kutazama filamu alizokuwa amezirekodi na hajaziona. Akafika katikati ya ile ya upelelezi, likaja tangazo, na Roswitha huyo, anarukaruka. Baadaye sana aliniambia kwamba alikaa sakafuni karibu na televisheni mpaka jua likazama. Alijaribu kutunza nakala yake kwenye DVD, na baada ya miaka michache DVD ile ikawa haisomeki. Tangu hapo hakuamini kitu kingine chochote ila diski yake ya kurekodia, ile iliyo ndani ya mashine, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Sisi?

Sisi ni Chama cha Dishi cha Werdohl, wanachama kumi na wanne, tuna katiba, mhuri na mweka hazina, na tunakutana kila Alhamisi kwenye chumba cha nyuma cha baa. Kazi yetu ni kurekodi filamu kutoka kwenye setilaiti, kuzitia kwenye kompyuta, kuondoa matangazo, na kuzigeuza zikae kwenye DVD bila sauti kuachana na midomo. Kurekodi yeyote anaweza. Heshima ya mtu kwetu ni mshono wake, yaani pale tangazo lilipotolewa. Ukiuona mshono, kazi ni mbovu.

Mwenyekiti wetu, Gisbert Kleffmann, alikuwa fundi wa kufunga madishi, na ndiye aliyekuwa na programu nzuri kuliko zote. Programu yake ilikuwa inaangalia nembo ya kituo pale kwenye pembe ya picha. Filamu ikiendelea, nembo ipo. Matangazo yakianza, kituo huiondoa. Kwa hiyo programu inapekua faili nzima na kutia alama: hapa nembo imetoweka, hapa imerudi, katikati ni takataka. Binadamu anabakiwa na kazi ya kuhakikisha alama na kubonyeza kitufe. Gisbert alipenda kusema kwamba kisicho na nembo hakina haki ya kuishi, nasi tulikuwa tunaitikia kama kanisani.

Kila mwezi wa Novemba tulishindana. Mwenye mshono mbaya alivishwa Mkasi Butu, mkasi wa mbao urefu wa mkono, unaning'inia shingoni mpaka kikao kiishe. Ewald aliuvaa miaka mitatu mfululizo, maana filamu zake alizileta na matangazo yake yote. Hakuiruhusu programu yoyote iiguse ile diski.

"Mzee Ewald, leo umetuletea nini?" Gisbert alimuuliza mwaka wa tatu. "Sabuni ya vyombo au chakula cha mbwa?"

"Vyote," Ewald akajibu. "Nimeyazoea matangazo. Yananipa nafasi ya kwenda msalani."

"Basi wewe ndiye wa kwanza Ujerumani nzima kununua dishi kwa ajili ya msala!"

Tulicheka mpaka bia ikamwagika. Ewald aliinamisha kichwa mwenyewe ili avishwe mkasi, na mimi ndiye niliyemfunga kamba.

Mwaka 2011 alibadilishwa nyonga na kupelekwa wiki tatu kwenye nyumba ya mazoezi huko milimani. Ufunguo wa nyumba aliniachia mimi, Heiner, jirani yake, nimmwagilie maua na kumlisha kasuku. Siku ya kurudi angetimiza miaka sabini. Kwetu mtu akifikisha umri kama huo chama hakimpi soksi. Gisbert akapata wazo.

"Tumsafishie diski nzima," alisema. "Filamu mia mbili na kumi na nne. Akirudi, hana hata tangazo moja. Novemba atashindana kama mwanamume."

"Amekataza isiguswe," nilisema.

"Amekataza kwa sababu hawezi kazi na anaona aibu. Heiner, ufunguo unao au huna?"

Nilikuwa nao. Nilikwenda, nikamwekea kasuku mbegu, nikachomoa diski, nikaibeba ndani ya mfuko wa mkate.

Tulifanya kazi Jumamosi tatu mchana, kwenye chumba cha chini nyumbani kwa Gisbert, mkewe akitushushia keki ya tufaha. Programu inatia alama, mimi nahakikisha, Gisbert anahesabu nafasi iliyookolewa. Jumamosi ya pili tukafikia filamu ya themanini na nane. Nembo ikatoweka. Ikaja bima, ikaja jibini, halafu akaja Roswitha.

Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Miaka saba amekufa, na huyo hapo anarukaruka. Nilisimamisha picha.

"Huyu si Roswitha?" Gisbert akauliza, mdomo umejaa keki.

"Ndiye."

"Lo! Lile la kukoroma. Maskini, walivyomcheka yule mzee."

"Tulivyomcheka," nilisema. Kisha nikasema, "Labda hiki kipande tukiweke kando."

"Cha nini? Hili ndilo lililomkosanisha na mkewe. Kama kuna tangazo moja la kumwondolea duniani, ni hili. Au umeanza kuwa laini, Heiner?"

Nataka kusema ukweli hapa, maana mahali pengine sikuusema. Moyo uliniambia niache. Lakini niliona haya mbele ya Gisbert kuliko nilivyomhurumia Ewald, na haya yenyewe ilikuwa ya kijinga, ya mzee wa miaka sitini na nane kuogopa kuitwa laini. Niliirudisha picha nyuma, nikamtazama tena mwanzo hadi mwisho kama kawaida ya kuhakikisha alama, nikabonyeza. Filamu ilipokwisha kuunganishwa, Gisbert aliifuta faili ya zamani, na juu yake akaandika ile mpya. Diski nzima ikapangwa upya, na hapakubaki upenyo wa kuokoa kitu.

Ewald alirudi na fimbo, amekonda. Kwenye chumba chetu cha nyuma tulikuwa tumetandika kitambaa cheupe, kuna kahawa na keki mbili. Tukamwimbia. Gisbert akaileta diski imefungwa utepe mwekundu.

"Mia mbili na kumi na nne," akatangaza. "Hakuna sabuni, hakuna mbwa. Mzee, kuanzia leo wewe ni msafi kuliko mwenyekiti!"

Watu wakapiga makofi. Ewald hakuipokea.

"Zile za mwanzo ziko wapi?"

"Tumezifuta! Tumekuokolea karibu theluthi ya diski."

Uso wake ukawa kama ule unga wa sukari ulionyunyizwa juu ya keki. Alisema kwa upole sana, "Nionyesheni ya themanini na nane."

Tulikuwa na televisheni ukutani. Gisbert aliiweka, akaipeleka mbele mpaka penyewe, akijua kabisa ni penyewe. Mpelelezi, mwanamke mwenye koti la mvua, ananyoosha mkono kushika kitasa, mlango unafunguka, ameingia. Ulikuwa mshono mzuri kuliko yote niliyowahi kuitengeneza. Wakapiga makofi.

"Tena," Ewald akasema.

Mkono, kitasa, ameingia. Makofi.

"Tena."

Safari ya tatu walipiga makofi na kukanyaga sakafu, maana walidhani mzee ameduwazwa na ufundi. Ndipo Ewald akasema, "Roswitha alikuwa hapo. Sina mwingine."

Wa kwanza kupata sauti alikuwa Gisbert, na angekaa kimya ingekuwa heri.

"Sasa mzee, kwa nini hukuandika kwenye lebo? Katiba inasema kila diski iwe na lebo."

Mtu mmoja mezani akacheka, cheko la woga, mwingine akafuata, na mimi nikajisikia nacheka. Ewald alitusubiri tumalize. Kisha akauliza kama vipande vilivyokatwa huwekwa mahali. Gisbert akamwambia hapana, takataka hazihifadhiwi. Strothmann alikuwa amekwisha kufilisika, na kituo kile kimefungwa. Ewald aliitikia kila jibu kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia.

Tulidhani hatataka kumwona mtu tena. Alhamisi iliyofuata alikuja, akakaa kiti chake. Sijui angekwenda wapi pengine. Gisbert alipotoka kwenda kuongea na mwenye baa, Ewald akanisogelea.

"Heiner, niambie kweli. Mlipokata, wewe ulimwona?"

Nilidhani ananitafuta makosa, nikajitetea kabla sijashtakiwa.

"Hapana, Ewald. Programu ilikata yenyewe. Sisi hatukutazama."

Akazungusha kikombe chake.

"Nilitumaini ulimwona," akasema. "Sina hasira, usiogope. Ni kwamba najaribu kumweka kichwani na kuna mahali pananipotea. Mkono wake wa kushoto. Alipokuwa anacheka, mkono wa kushoto aliuweka wapi? Nikadhani wewe, kwa kuwa ndiye mtu wa mwisho kuishika filamu ile, ungenikumbusha."

Aliuweka kifuani, chini kidogo ya shingo, vidole vimefunguka, kama mtu anayezuia kitambaa kisipeperuke. Nauona mpaka leo kila kidole, na pete. Kumwambia ilikuwa kukiri kwamba nilimtazama mara mbili ndipo nikabonyeza.

"Sijui, Ewald," nilisema. "Kwa kweli sikumwona."

Akanishukuru.