Helikopta ya Mwalimu wa Fizikia

Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu alifundisha fizikia, na kila alipofika kwenye nguvu za mzunguko alichora helikopta ubaoni. Alichora panga kubwa la juu, akachora mkia na kijipanga chake, kisha akawauliza wanafunzi: kijipanga hiki kisipofanya kazi, itakuwaje? Alilipenda sana swali hilo, maana jibu alikuwa nalo yeye peke yake.

Alipostaafu, walimu wenzake walimpa zawadi ya helikopta ndogo ya rimoti, ya kuunga mwenyewe. Juu ya boksi paliandikwa "kwa wanaoanza". Neno hilo lilimkera kidogo. Nani anaanza?

Nyumbani aliishi na shemeji yake, fundi cherehani, mume wa marehemu mdogo wake. Tangu msiba, shemeji alikuwa amehamia chumba cha mbele na cherehani yake, na kutwa nzima hakuongea zaidi ya salamu na "chakula tayari". Mwalimu aliongea kwa niaba ya wote wawili.

Akamwaga vipande mezani, akakitupa kijitabu cha maelekezo juu ya kabati.

"Husomi?" shemeji akauliza.

"Shemeji, hiki kitu nimewafundisha watoto wasiohesabika."

"Haya."

Siku mbili baadaye helikopta ilikuwa imesimama mezani, imependeza, na pembeni yake skrubu tatu zimebaki. Mwalimu akasema ni za akiba. Akachaji betri, akaona hakuna haja ya kusubiri kwenda uwanjani, akaiwasha palepale sebuleni. Ikaruka upande, ikaparamia pazia na kulichana kutoka katikati hadi chini. Shemeji akainuka, akalishusha pazia, akarudi nalo kwenye cherehani. Laiti angegomba, Mwalimu angepata pa kujitetea.

Jumamosi asubuhi wakaenda uwanja wa shule yake ya zamani. Mlinzi wa pale alikuwa mwanafunzi wake enzi hizo, sasa baba wa watoto wanne. Akasogea kutazama. Mwalimu akasukuma kijiti cha rimoti, helikopta ikanyanyuka kidogo, halafu ikaanza kuzunguka kama pia, kasi juu ya kasi, mpaka ikajibwaga ubavu na panga likavunjika.

"Mwalimu," mlinzi akasema kwa adabu zote, "si ulitufundisha ule mkia upo ili isizunguke?"

"Ndiyo."

"Mbona hii inazunguka?"

Mwalimu akajikuta anaangalia viatu vyake. Alikuwa amewauliza wengine swali hilo miaka yote, na hakuwahi kufikiria siku moja litamgeukia yeye.

Nyumbani alieleza kwa kirefu. Ulikuwa upepo. Ilikuwa betri. Uwanja nao haukuwa sawa, na hata jua lilikuwa machoni. Alitaja sababu nne, na hakuna hata moja iliyokuwa na jina lake. Alipomaliza ndipo akaona shemeji amekishusha kile kijitabu na anakisoma, utepe wa kupimia shingoni, kidole kikitambaa mstari kwa mstari.

"Nguo nisiyoijua huwa nafuata mchoro," shemeji akasema. "Hapa ukurasa wa tisa wanasema, kabla ya kurusha, chomoa waya wa mota, halafu uigeuze pua kushoto kwa mkono. Vijipanga vya mkia vinatakiwa vijikunje upande wa kuirudisha kulia."

Wakachomoa, wakaigeuza. Vijipanga vikajikunja upande uleule inakokwenda. Mkia haukuzuia mzunguko, ulikuwa unausukuma. Chini ya tumbo la helikopta, kwenye kisanduku kinachohisi myumbo, palikuwa na swichi ndogo kama punje ya mchele, na ilikuwa imeelekezwa kinyume. Aliyeielekeza hakuwa upepo.

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa kalamu nyekundu, akaandika pembezoni mwa ukurasa wa tisa: "0/10. Hakusoma maelekezo. Aje na mzazi."

Shemeji akasoma, akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Mwalimu hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu wamzike mdogo wake. Akawaza, laiti angekosea mapema zaidi.

Wakaanza upya, ukurasa wa kwanza. Zile skrubu za akiba zikapata mahali pake, zote tatu, na mojawapo ilikuwa ya kushikilia panga. Wakabadilisha panga lililovunjika. Wakaining'iniza kwa vidole viwili kupima kama uzito umelingana. Pua ikalala, wakaisogeza betri nyuma mpaka ikakaa sawa. Shemeji akafunga vijiti viwili vya mwavuli mkuukuu msalaba chini ya miguu ya helikopta, isipinduke kirahisi, akavikaza kwa uzi wa kushonea vifungo vya makoti.

Jumamosi iliyofuata, palepale uwanjani, mlinzi akitazama, shemeji akashika kijitabu, akasoma kwa sauti. "Washa rimoti kwanza."

"Najua."

"Wiki ile uliwasha nini kwanza?"

Mwalimu akawasha rimoti. Kisha akaunganisha betri. Helikopta ikanyanyuka shubiri moja kutoka chini, ikatetemeka, ikatulia hewani, mkia umenyooka. Akahesabu saba kabla hajashtuka na kuiachia ianguke.

Akampa shemeji rimoti, kwa ukarimu wa mtu anayetegemea mwenzake ashindwe. Shemeji akakisogeza kijiti taratibu, kama anayepitisha hariri chini ya sindano, na helikopta ikakaa pale hewani mpaka mlinzi akachoka kuhesabu. Mwalimu akapiga makofi. Wivu alikuwa nao, tena si haba.

Siku hizi shemeji anaizungusha goli na kuirudisha miguuni pake. Mwalimu naye anaweza kuituliza hewani dakika nzima, ikiwa hakuna upepo na hakuna anayemtazama. Kuishusha ndiko bado kunamsumbua. Sura ya kutua katika kijitabu anairudia kila jioni, kwa sauti, na shemeji anamsahihisha matamshi.