Kikaratasi Kilichoacha Kuniamkia

Asubuhi ile kikaratasi hakikuniamkia, na mtu nusura avute kifua kikuu kwa sababu yangu.

Mimi ni dada wa usafi kwenye maabara ya makohozi. Shule niliishia darasa la tano, na maneno hunikwama kooni. Miaka miwili pale, jina langu ni "wewe".

Chumbani kuna kabati la kioo lenye feni. Siku moja mpimaji, tunamwita Dokta, aliwaeleza wanafunzi jinsi linavyofanya kazi, mimi napiga deki nyuma yao. Hewa huingia kwa mbele, ikazama kwenye mianya iliyo ukingoni, ikachujwa vijidudu, kisha hewa safi hushuka kutoka juu. Ni pazia la hewa, alisema. Chini ya kioo kimebandikwa kikaratasi laini. Kikivutwa na hewa kikalalia ndani, pazia lipo.

Tangu hapo nilikitazama kila asubuhi kikiinama. Nilijifanya kinaniamkia. Nani mwingine angeniamkia?

Sasa, jana yake nilileta kiherehere. Ile mianya niliiona chafu. Nikaifuta, nikaitandikia kitambaa cheupe, nikakinyoosha vizuri. Nilitaka tu mtu aulize nani kapang'arisha.

Asubuhi, mimi nikideki, Dokta alikikuta kile kitambaa, akadhani ni cha mwenzake wa zamu. Akawasha feni, akapanga vikopo vya makohozi, akashika kifuniko cha kwanza.

Kikaratasi kilining'inia wima, kama kimeninunia.

 Nikisema, kibarua kinaota nyasi. Nikijikausha, yule anavuta hewa ya vikopo.

"Kaka, usifungue."

Akageuka polepole. "Nani kasema?"

"Mimi. Karatasi haichezi. Kitambaa nimeweka mimi, kimeziba mianya."

Akakitazama kikaratasi. Akauondoa mkono taratibu, kama aliyegusa nyoka.

Nilisubiri matusi. Akasema kwa sauti ndogo, "Hata sikumbuki mara ya mwisho nilikiangalia lini."

Kibarua kilibaki, ila chumba kile nilipigwa marufuku. Nadeki korido, peke yangu.

Lakini kila asubuhi, kabla hajagusa kikopo, Dokta hugeukia kidirisha cha mlangoni ninapochungulia, akanyooshea kikaratasi kidole. Nikikiona kimelalia ndani, naitikia kwa kichwa. Ndipo anaanza.

Jina langu bado hajaliuliza.

Wewe unayesoma, kama umeharibu mahali, sema kabla kifuniko hakijafunguliwa. Hata sauti ndogo inatosha.