Chupa Yangu ya Maji Siku ya Kuombea Mvua

Siku kanisa letu la Kalamba lilipofunga kuombea mvua, bila chakula na bila hata tone la maji, mimi nilikwenda na chupa yangu na sikuificha. Niliiweka juu ya benchi, karibu na Biblia, kila mtu aione. Kama ni kusema, waseme.

Nina ugonjwa wa selimundu tangu kuzaliwa. Daktari wa kliniki alinieleza polepole nikiwa bado msichana wa shule. Ndani ya kila seli nyekundu ya damu kuna molekuli nyingi zinazobeba hewa. Zangu zikishaiacha ile hewa, na hasa seli ikikauka, zinashikana. Hakuna anayezipanga. Zinajipanga zenyewe, moja nyuma ya nyingine, mpaka zinakuwa vijiti vigumu, na seli inapinda kama mundu na kuziba mishipa. Hapo ndipo mifupa yangu huuma mpaka nalia. Kuna wenzangu niliokuwa nikikaa nao kwenye foleni ya kliniki ile ambao leo hawako.

Dawa ninayomeza, alisema, inaufanya mwili utengeneze tena molekuli za aina niliyokuwa nayo nikiwa tumboni. Hizo hazijui kufuata foleni. Zinaingia katikati na kuivuruga, basi vijiti vinashindwa kujengeka. Nilizipenda siku hiyo hiyo. Lakini dawa peke yake haitoshi, lazima ninywe maji mengi kila siku, kiangazi au masika. Huku kwetu, ambako maji tunayachota kwenye mchanga wa mto na kuyabebesha punda, nimeitwa mroho tangu utotoni. Nimezoea.

Basi jua likapanda, mabati yakawaka, na vidole vyangu vikaanza kuuma. Nikafungua chupa, nikanywa. Mwenyekiti wa akina mama akasimamisha wimbo.

"Msichana wetu, sisi tunaomba mvua na wewe unakunywa? Mungu akikataa tumlaumu nani? Kuwa na imani, hata kidogo tu."

"Imani ninayo, mama," nikamjibu. "Ninachokosa ni maji mwilini."

Watu wakaguna. Akaja mpaka kwenye benchi langu na kunyoosha mkono aichukue chupa. Nikaishikilia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi changu nimekilalia maisha yangu yote. Nilikuwa na hasira, hasira ya kweli, kwa sababu mama huyu alikuwa ananiomba nife kwa heshima.

Mwaitu, mama yangu mzazi, alikuwa benchi la mbele na kitambaa chake cheupe cha maombi. Ndiye aliyenisihi asubuhi niiache chupa nyumbani nisimwaibishe. Midomo yake ilikuwa imekauka, maana yeye akifunga, anafunga. Aliinuka, akaja taratibu, akasimama kati yangu na mwenyekiti. Nikajua nimekwisha, kwa sababu mwaitu huwezi kumnyima kitu mbele ya kanisa. Akanyoosha mkono. Nikampa.

Akanywa. Alikunywa mafunda makubwa, kanisa zima likimtazama, kisha akajifuta mdomo kwa kile kitambaa na kunirudishia chupa.

"Mvua isiponyesha," akamwambia mwenyekiti, "semeni ni sisi wawili."