Siku Niliyotafsiri Moshi wa Mama

Hii habari naisimulia nimeinamisha uso, maana aibu yake sijaimaliza mpaka leo.

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Mugango. Siku hiyo alikuja daktari anayechunguza mapafu, akaomba nimtafsirie kwa Kijita, lugha yetu ya hapa, kwa sababu walioitwa zahanati walikuwa akina mama wanaokausha samaki kwa moshi, na mama yangu mzazi akiwemo (kazi hiyo ameifanya tangu sijazaliwa). Kabla hatujaanza akanieleza habari ya epijenetiki, kwamba moshi unaweza kuacha alama juu ya vinasaba, vinasaba vyenyewe visibadilike ila namna vinavyofanya kazi ndiyo ibadilike, na wao wanatafuta kujua kama alama hizo zinahusiana na nguvu za mtu kupumua. Akaniuliza, "Umenielewa, dada?" Nikaitikia. Sikuelewa hata nusu, lakini nilikuwa nimevaa fulana mpya ya wahudumu na watu wananiangalia, ningesemaje?

Basi akawa anaongea, mimi natafsiri, na nilipokwama nikajazia ya kwangu, nikawaambia moshi umeharibu damu yao na wameshawarithisha watoto. Mama akasimama. Mdogo wangu Magesa alifariki mwaka jana kwa kifua, alikuwaga anahema kwa shida tangu utotoni.

"Kwa hiyo Magesa nilimuua mimi?"

Hapo ningeweza kusema sijui. Nikasema, "Ndivyo wataalamu wanavyosema, mama."

Akajifunga kanga yake vizuri akaondoka, wenzake wengi wakamfuata mmoja mmoja, na kile kipimo cha kupuliza alicholeta daktari kupimia pumzi zao hakuna aliyekigusa. Nesi wa zahanati, mtu wa Kiriba, kijiji cha jirani, anayejua Kijita, akamweleza daktari nilichokuwa nimesema. Daktari akanitazama, akasema taratibu mbele ya wachache waliobaki, "Sikusema hivyo. Bado tunachunguza. Na hapa hakuna mama wa kulaumiwa."

Nyumbani nilimkuta mama anabomoa tanuru lake la samaki kwa jembe. Nikamwambia nilikosea, nikamweleza yote. Hakuacha kubomoa.

"Kule ulisema mbele za watu," akasema. "Sasa unakanusha tukiwa wawili. Nishike lipi?"

Kesho yake nikapita nyumba kwa nyumba na nesi, nikikiri kosa langu kila mlango. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, akamshukuru nesi.

Nimeapa, nisilolijua nitasema silijui, hata umati ujae. Lakini kiapo kimechelewa. Mama salamu zangu anaitikia, ila habari za Magesa siku hizi anazungumza na nesi.