Hita ya Gari la Efrazia

Efrazia alizaliwa Magamba, pale msitu unapoanza, na mikono yake ilizoea grisi kabla ya kuzoea mwiko. Baba yake, mzee Sefania, alikuwa dereva wa lori la kiwanda cha mbao, na kila lori lilipoharibika, binti ndiye aliyemshikia spana. Efrazia alipoolewa na Tobia, karani wa misitu, watu walimtania bwana harusi kwamba ameoa fundi. Tobia akajibu kwamba ndicho hasa alichokitafuta.

Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, bwana misitu wa Kizungu alirudi kwao akawaachia gari lake dogo. Lilikuwa na kitu ambacho Magamba hakikuwahi kuonekana: hita, jiko dogo la petroli lililojificha chini ya boneti, na feni yake ya kupuliza hewa ya moto ndani. Wakati huo mzee Sefania alikuwa amehamia Mnazi, huko chini kwenye joto, akilima mahindi. Alipoelezwa habari hiyo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Sisi huku gari zima ni hita," alisema.

Tobia aliona haya kumiliki gari peke yake katika siku zile za Ujamaa. Haya hiyo haikudumu, kwa sababu ulipoingia Julai na ukungu wake, gari likaanza kugoma asubuhi. Betri ilikuwa imekufa kabisa, hata honi haikulia. Balozi Mussa, kiongozi wa nyumba kumi, akawa anapita na majirani kulisukuma mpaka kwenye mteremko.

"Shikamoo, Balozi," Efrazia alimwamkia kutoka kwenye usukani.

"Marahaba, Mama Lucian. Limelala tena?"

"Limelala."

"Basi tuliamshe."

Wakasukuma huku wanaimba, injini ikashika karibu na kisima, na Efrazia akawapungia mkono dirishani. Baada ya wiki chache hakuna aliyesema gari la Tobia. Lilikuwa gari letu. Lilibeba wagonjwa kwenda Lushoto, likabeba kabichi, na siku moja likabeba benchi la kanisa juu ya paa.

Lakini harusi ya Secilia, mdogo wake Tobia, ilikuwa Jumamosi iliyokuwa inakuja, na kanisa lilikuwa Mlalo. Bibi harusi hawezi kufika na wasukumaji.

Tobia aliamini kosa ni la betri. Akaazima betri ya trekta ya misitu iliyokuwa nzima, akaifunga jioni. Asubuhi nayo ilikuwa imekufa.

"Baba Lucian, betri haina kosa," Efrazia alisema. "Kuna kitu kinakula umeme wakati sisi tumelala."

"Taa zote nilizima."

"Najua. Ndiyo maana sijui ni nini."

Jibu alilipata Jumapili mchana bila kulitafuta. Walikuwa wametoka ibadani kwa gari, na baridi ilikuwa kali, kwa hiyo njia nzima waliwasha hita. Walikula makande, wakapumzika. Baadaye Efrazia akakumbuka kwamba kanga yake ameisahau garini, akatoka kuichukua. Vioo vyote vilikuwa vimefungwa na nje hapakuwa na upepo, lakini pindo la ile kanga lilikuwa linapepea taratibu.

Alisimama akiitazama. Kisha akafungua mlango, akaweka kiganja kwenye tundu la hita. Hewa ilikuwa inatoka, baridi kama ya nje. Alipoinama karibu zaidi aliisikia feni ikinong'ona.

"Baba Lucian," aliita, na sauti yake ilikuwa na kicheko, "njoo umwone mwizi wetu."

Alimweleza mumewe mambo yalivyo. Hita ikizimwa, feni huendelea kwa muda ili kulipoza lile jiko. Halafu kuna swichi ndogo inayohisi joto, na jiko likishapoa, swichi hiyo huikata feni. Yao ilikuwa haikati. Kila walipowasha hita, feni ilikesha ikinywa betri.

"Tukate waya wake yaishe," Tobia alisema.

"Halafu shangazi yako Yunis apande na magoti yake yale, mpaka Mlalo, bila joto?"

Tobia akaenda kuleta bisibisi.

Efrazia alifungua waya za betri kwanza, maana petroli na cheche si vitu vya kukutanisha. Akaitoa swichi, akaifungua juu ya meza ya jikoni. Ncha zake mbili zilikuwa zimeungua na kugandana. Akazitenganisha kwa wembe, akazisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa. Aliporudi kuifunga aliona na jambo la pili: waya wa kurudisha umeme kwenye bodi ulikuwa umeliwa na kutu chini ya bolti yake. Ndiyo sababu taa za gari zilikuwa zikififia kila hita ilipowashwa. Nao akausugua, akaubana.

Waliwasha hita, wakaizima, wakasubiri wakiwa wamekaa ndani. Feni ilipuliza, ikapuliza, halafu ikasema tiki na kunyamaza. Tobia alimshika mkewe mkono wenye grisi, hakuuachia mpaka walipoingia nyumbani.

Jumamosi asubuhi Balozi Mussa na watu wake walifika kusukuma kama kawaida. Efrazia akageuza ufunguo mara moja tu na injini ikashika. Wasukumaji wakatazamana, wengine kama wamenyang'anywa kazi, mpaka mmoja akaanzisha wimbo na wote wakalisindikiza gari kwa miguu hadi kwenye kona ya msitu.

Njia ya Mlalo ilikuwa na ukungu mzito, lakini ndani ya gari Secilia alivua koti, na shangazi Yunis, aliyeapa kwamba baridi itamuua kabla ya kanisa, alisinzia. Walipofika, kwaya ilikuwa imeshajipanga mlangoni. Secilia akashuka. Shangazi hakusogea.

Bwana harusi mwenyewe, Paskali, alikuja akafungua mlango, akainama kwa adabu. "Shikamoo, shangazi. Karibu, tunakusubiri."

"Marahaba, mwanangu," shangazi alisema bila kufumbua macho. "Nyie anzeni. Na ufunge mlango, baridi inaingia."